Bomba Gumu au Mpira: Kasoro za Mabomba ya Tangi la Samaki na Jinsi ya Kuzitatua

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Mtwara mjini ukasema unataka kupitisha maji ya tangi la samaki, utaulizwa swali moja tu: bomba au mpira? Wengi hujibu kwa kutazama bei, na mpira hushinda, kwa kuwa hauhitaji gundi, kona wala fundi. Baadaye ndipo malalamiko yanapoanza: sakafu imelowa, pampu imechoka, kabati linanguruma usiku kucha.

Msimamo wangu ni kwamba kipande kifupi cha mpira kikae pale pampu ilipo, na kwingine kote lipite bomba gumu. Ila ushauri huo haumsaidii mtu ambaye tangi lake limeshajengwa na ameshika tambara mkononi. Kwa hiyo tuanze na dalili anayoiona, twende hadi kwenye sababu, kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi.

Nikisema bomba la kushukia, ni lile linaloteremsha maji kutoka tangi la samaki hadi tangi la chini lenye chujio. Bomba la kupandishia ndilo linalotoka kwenye pampu kurudi juu. La kwanza linaendeshwa na mteremko tu, la pili linasukumwa. Kasoro nyingi hutokea kwa kuyachukulia kama ni kitu kimoja.

Kabla hujagusa chochote, zima umeme kwenye saketi breka kisha chomoa plagi, mikono ikiwa mikavu.

Maji yanachuruzika kwenye maungio

Usiamini mahali tone linapodondokea. Maji hutambaa chini ya bomba, hupita maungio mawili mazima, kisha hudondoka penye kona isiyo na kosa. Kausha bomba lote kwa kitambaa, funga kipande cha tishu kwenye kila ungio, washa pampu, subiri robo saa. Kuanzia juu, tishu ya kwanza kulowa ndiyo yenye kesi. Wenye tangi la maji ya bahari wana nafuu, maana chumvi nyeupe hujijenga penye upenyo hata kama tone halionekani.

Kama ungio ni la mpira, mshukiwa wa kwanza ni klipu. Mpira hulainika na kubonyea, na klipu iliyokazwa vizuri siku ya kwanza inabaki imelegea. Ikaze kwa bisibisi nusu mzunguko, uangalie tena. Kwenye maji ya bahari, klipu za kawaida za dukani hushika kutu hata zile zinazouzwa kama chuma kisichopata kutu; afadhali za daraja la 316, au za plastiki. Mimi huweka mbili kwa kila ungio, skrubu zikitazamana pande tofauti.

Mshukiwa wa pili ni saizi. Mpira wa robo tatu umevalishwa niplo (kile kiungio chembamba kinachoingia ndani ya mpira) ya nusu inchi, halafu klipu ikalazimishwa kuziba tofauti. Ukiukaza mpira wa namna hiyo unafanya mkunjo, na maji hupita kwenye mkunjo huo huo. Hapo badilisha niplo, uachane na bisibisi. Mshukiwa wa tatu ni ncha ya mpira iliyokauka na kupasukapasuka: kata sentimita tatu, chovya ncha kwenye maji ya moto mpaka ilainike, valisha upya. Mafuta ya kula na grisi havina kazi hapa, vitaishia kuelea juu ya tangi.

Kwa bomba gumu la PVC, kosa kubwa kuliko yote hufanyika dukani, kabla msumeno haujagusa kitu. Kuna mabomba ya kipimo cha inchi na ya kipimo cha milimita, na kwa macho yanafanana mno. Bomba la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na ushei. Lile la milimita 32 ni jembamba kidogo. Muuzaji atakwambia, "Chukua hilo kaka, ni saizi moja." Si saizi moja. Gundi ya PVC haijazi nafasi kama simenti. Inayeyusha uso wa bomba na uso wa soketi ili viwe kitu kimoja, na penye mwanya hakuna cha kuungana. Jaribu bila gundi: chomeka bomba kwenye soketi. Likizama hadi mwisho na kuchezacheza, rudisha. Linatakiwa lianze kukaza likiwa limeingia kati ya theluthi moja na theluthi mbili. Kata kipande kifupi cha bomba lako, ukiweke mfukoni kila unapokwenda kununua elbo (kona) au tii (kiungio cha njia tatu). Ukifanya hivyo, hutakuwa na ubishi na mtu kaunta.

Ndugu wa kosa hilo ni bomba la waya. Lile bomba jeupe la kupitishia nyaya ukutani ni rahisi, linakatika vizuri, na liko kila duka kuanzia Mikindani hadi Masasi. Halikutengenezwa kubeba msukumo wa maji. Kwenye kushukia litakuvumilia kwa muda; kwenye kupandishia usilipeleke kabisa.

Baada ya saizi, tazama kazi ya gundi yenyewe. Ncha ilikatwa mshazari, au ilikuwa na vumbi, jasho la mikono, unyevu. Au gundi ilitoka kwenye kopo lililokaa wazi mpaka ikawa nzito inavutika kama ulimbo. Kata sawasawa, toa mabaki kwa msasa, lainisha ukingo, futa pakauke. Paka pande zote mbili, chomeka huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika, maana bomba hupenda kujisukuma nje. Kisha liache saa 24 kabla ya kuwasha pampu. Fanya kazi hiyo uani au madirisha yakiwa wazi, mbali na moto. Mvuke wake unalevya na unashika moto.

Ungio la gundi likishavuja, haliponi kwa kupakwa gundi kwa nje. Silikoni nayo haiishiki PVC vizuri. Itakaa siku chache kisha itabanduka. Kata sehemu hiyo yote, weka kipande kipya na soketi mbili.

Kwenye thredi, zungusha thredi tepu kufuata upande wa kukazia, mizunguko mitatu au minne, kaza kwa mkono, malizia kidogo tu kwa spana. Anayekaza kwa nguvu zote hupasua soketi ya plastiki, na ufa huo unaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Yunioni, yaani kiungio kinachofunguka bila kukata bomba, haihitaji tepu, inazibwa na oringi (pete ya mpira); ikivuja ifungue, toa punje ya mchanga, safisha oringi, rudisha.

Koneta ya tangi, yaani ile inayopita kwenye tundu la kioo au la plastiki, huvuja kwa sababu washa ya mpira imewekwa upande wa nati. Nati ikizunguka huivuta na kuikunja. Washa inakaa upande wenye kichwa kipana. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Kama maji yanatoka kwenye kioo chenyewe kuzunguka tundu, usikaze tena. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Pampu inafanya kazi lakini maji yanarudi kiduchu

Pima kwanza, macho hudanganya. Elekeza maji yanayorudi kwenye ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 60, unapata lita 1,200 kwa saa. Ikichukua 90, ni lita 800. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji hata sentimita moja. Pampu yenye uwezo wa mwisho wa mita mbili, ikipandisha mita moja, mara nyingi hutoa nusu ya namba ile au pungufu ukijumlisha kona. Kwa hiyo huenda huna tatizo, una boksi linalojisifu.

Kama zamani yalikuwa mengi na sasa yamepungua, anza na uchafu. Fungua pampu, safisha kichujio cha mdomoni na impela, ile feni ndogo inayosukuma maji. Maji ya visima vya mwambao, vilivyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, watayafurahia, pampu haitayafurahia. Loweka impela kwenye siki saa chache, isugue kwa mswaki mkuukuu, isuuze vizuri. Ndani ya mpira hujenga utando mzito wa mwani na tope. Pitisha kidole ndani ya ncha yake, utajua. Mpira huo unausafisha kwa kupitisha kamba yenye kitambaa. Bomba gumu lenye yunioni mbili unalitoa, unalisugua uani, unalirudisha. Kama halina yunioni, utalikata, na hiyo ndiyo sababu ya kuziweka tangu mwanzo.

Kama maji yamekuwa machache tangu siku ya kwanza, tafuta pale njia inapobanwa. Mpira umejikunja nyuma ya kabati. Niplo ya mpira ni nyembamba ndani kuliko mpira wenyewe, na maji huhesabu kwa upenyo mdogo kuliko yote njiani. Kona ni nyingi: kila elbo ya digrii 90 inavunja mwendo, na mbili za digrii 45 zinavunja pungufu. Hapa mpira una haki yake, maana unapinda taratibu bila elbo hata moja. Ila mpira wenye mikunjo kwa ndani unapoteza faida hiyo yote.

Halafu kipenyo. Msimu wa korosho ukilipa, mtu ananunua pampu kubwa mara mbili na kuiacha kwenye bomba lile lile la nusu inchi. Maji hayaongezeki kwa kiasi alicholipia, bili ya umeme tu ndiyo inaongezeka. Panua bomba la kupandishia likaribie mdomo wa pampu au kuuzidi: mdomo wa robo tatu, bomba la robo tatu au inchi moja.

Wenye PPR, yale mabomba yanayounganishwa kwa mashine ya moto ya karibu nyuzi 260, wana sababu yao ya pekee. Fundi akikawiza moto, plastiki inayeyuka na kujikusanya ndani ya ungio mpaka njia inabaki tundu la kalamu. Kwa nje huoni chochote. Ukishuku, kata ungio moja utazame. Kuliunganisha upya ni kazi ya mwenye mashine, na usikubali mtu akuwekee gundi ya PVC, haishiki PPR.

Umeme ukikatika, sakafu inalowa

Kasoro hii inawaumiza watu kuliko zote, na sababu karibu kila mara ni moja. Pampu ikisimama, maji hayasimami. Bomba la kupandishia linageuka kuwa mfyonzo, linavuta maji ya tangi la juu kushuka tangi la chini mpaka ncha yake iingize hewa. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 100 na upana wa 40. Kila sentimita moja ya maji ni lita 4. Ncha ikiwa imezama sentimita 10, zitashuka lita 40, ukiongeza na yale yaliyokuwa njiani. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi hiyo, yaliyobaki ni ya sakafu.

Ukaguzi ni rahisi: ukiwa nyumbani na umejiandaa na ndoo, chomoa pampu mwenyewe, tazama maji yanaishia wapi kwenye tangi la chini, weka alama kwa kalamu. Usisubiri umeme ukatike saa nane usiku ndipo ujue.

Tiba ya kwanza ni kuinua ncha iwe karibu na uso wa maji. Ya pili ni kutoboa tundu la milimita 5 hadi 6 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka tundu linavuta hewa na mfyonzo unakatika. Tundu hilo lisafishwe mara kwa mara, konokono mmoja au chumvi kidogo inatosha kuliziba. Hapa mpira unashindwa waziwazi. Huegemea, hulala, huinuka ukiugusa, na tundu lililokuwa juu jana leo liko sentimita nane chini. Hata kama njia yako yote ni ya mpira, nusu mita ya mwisho inayoingia tangini iwe bomba gumu lililofungwa mahali pake.

Watu hupenda valvu ya kuzuia maji kurudi. Iweke ukitaka, lakini ihesabu kama haipo. Utando, mchanga au ganda dogo likikaa kwenye mlango wake, haifungi tena, na haitakuambia.

Kama sakafu inalowa wakati pampu inafanya kazi, kesi ni nyingine: bomba la kushukia limeziba au ni dogo. Zima pampu, toa majani na konokono kwenye kichujio cha juu. Bomba la kushukia liwe pana kuliko la kupandishia, na usiweke mpira unaobonyea katikati ya kabati ukafanya bonde. Hewa hujikusanya kabla ya bonde na maji hukwama.

Onyo: maji yakifika kwenye soketi ya umeme au kwenye kebo ya kuunganishia, usiyakanyage. Zima kwenye breka kuu. Ukihisi mwasho wa umeme unapogusa maji ya tangi, hata kidogo, kazi imekwisha kwa leo. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague pampu, waya wa ardhi na uwepo wa kifaa cha kukata umeme unaovuja. Baadaye, kila waya wa tangi uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke njiani lisifike kwenye plagi.

Kabati linanguruma, bomba linagugumia

Mngurumo wa chini chini unaopotea ukishika bomba kwa mkono ni mtetemo wa pampu unaosafiri. Bomba gumu lililounganishwa moja kwa moja na pampu huupeleka hadi kwenye mbao na ukuta. Kata hapo, weka sentimita 15 hadi 30 za mpira laini zenye klipu, na pampu ikae juu ya kipande cha sponji. Hii ndiyo kazi ambayo bomba gumu haliiwezi. Mngurumo wa kukwaruza unatoka kwenye impela yenyewe: mchanga, chokaa, au ekseli iliyolika.

Kugugumia kwenye bomba la kushukia ni hewa inayomezwa na maji. Funga koki ya bomba hilo kidogo kidogo, ukisubiri maji ya juu yatulie kila mara, mpaka sauti ipotee. Usifanye hivyo kama huna bomba la pili la dharura lililo wazi. Koki iliyobanwa na konokono mmoja vinatosha kumwaga tangi lote la chini.

Mpira umelainika, umekunjika, umekuwa wa kijani

Joto la hapa kabla ya mvua kuanza linatosha kulainisha mpira mwembamba, na mpira uliolainika hukunjika kwenye kona na kuchomoka kwenye niplo. Ukipitisha dirishani penye jua, kwa mpira unaopitisha mwanga, unalima mwani humo ndani. Nunua wenye rangi nyeusi au wenye waya wa plastiki uliozunguka ukutani mwake, upinde kwa duara pana, na usiupe safari ndefu.

PVC nayo haipendi jua. Ikikaa nje miaka huwa kavu na kupasuka kwa kugongwa. Kwa bwawa la uani, chukua lile bomba jeusi la roli ambalo watu hulitumia kuingiza maji nyumbani. Linavumilia jua, linapinda kwa adabu, na linaunganishwa kwa viungio vya kukaza kwa mkono bila gundi.

Samaki wamebadilika baada ya kuweka bomba jipya

Wakihema juu ya maji siku ile ile, shuku gundi isiyokauka. Badilisha sehemu ya maji, ongeza hewa, na safari ijayo acha bomba likauke, kisha lisuuze kwa maji mengi kabla ya kuliunganisha.

Konokono na kamba wakifa huku samaki wanaonekana wazima, tafuta shaba. Viungio vya PPR vyenye thredi vina chuma cha njano ndani, nacho ni shaba iliyochanganywa. Kwenye maji ya bahari hulika na kuingia majini, na wadudu wa maji hawaivumilii. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki yana ubaya wa namna hiyo. Weka thredi za plastiki tupu. Mpira wa bustani unaonuka ukiuweka puani, uuache bustanini.

Kuna mstari kwenye kioo karibu na tundu

Hapa hakuna cha kujaribu. Mkwaruzo haurefuki, ufa hurefuka. Sababu kubwa ni koneta iliyokazwa kupita kiasi. Ya pili ni bomba gumu refu lisilofungwa ukutani, linaloning'inia na kulivuta tundu kila siku. Ya tatu, tundu lilitobolewa karibu mno na ukingo. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 lina lita 200, yaani kilo 200 za maji ndani ya vioo hivyo.

Zima pampu na hita. Punguza maji mpaka yawe chini ya ufa, uyaweke kwenye ndoo safi ili samaki wahamie humo pamoja na jiwe la hewa. Usifungue koneta tangi likiwa na maji, usipake silikoni juu ya ufa. Mwite fundi vioo, na kabla hajawasha kekee muulize kama kioo ni cha kawaida au kilichopitishwa motoni ili kiwe kigumu. Hicho cha pili hakitoboleki. Kikiguswa na kekee kinasambaratika chote. Akisema hajui, asitoboe. Afadhali abadilishe upande huo mzima, na bomba la kushukia lipite juu ya ukingo.